Medali za baba aliyepigana Burma zimeibiwa. Je, tutapewa nyingine?

*Swali:* "Baba yetu alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni la Afrika Mashariki). Alipigana Abisinia (Ethiopia), kisha Burma (Myanmar), akarudi nyumbani 1946. Alifariki 1991. Alituachia medali tano: nyota tatu na mbili za duara. Moja ya zile za duara, yenye simba, ilipotea zamani mjukuu alipokwenda nayo shuleni. Nne zilizobaki zilikuwa kwenye sanduku la bati. Mwaka juzi wezi walivunja nyumba ya mama, wakabeba sanduku pamoja na televisheni. Tulipiga ripoti polisi lakini tulitaja televisheni tu. Tumebaki na picha moja ya baba akiwa na sare, na nusu ya cheti chake cha kuachishwa jeshi; nusu nyingine ililiwa na mchwa. Mimi ni binti na ndiye kifungua mimba, lakini ndugu zangu wanasema medali huombwa na mtoto wa kiume. Mmoja anataka tuseme zote tano ziliibiwa. Mwingine amepata mtu mtandaoni anayeuza medali kama zile na anasema tununue, mambo yaishe. Mama ana miaka 89 na anatamani kuziona tena. Tuiandikie serikali ya Kenya au ya Uingereza? Na hizo mpya zitakuwa za baba kweli?"

*Jibu:* Dada yangu, poleni sana. Mfikishie mama shikamoo yangu. Umeuliza mengi kwa pamoja, lakini la mwisho ndilo linaloyabeba mengine yote, kwa hiyo naanza nalo.

Nyota na medali ambazo Uingereza iliwapa askari wake kwa Vita vya Pili vya Dunia hazikuandikwa majina. Zile za vita vya 1914 hadi 1918 zilikuwa na jina na namba ya askari, lakini hizi za baba yako zilitoka kiwandani zikiwa tupu. Nyota ya baba na nyota ya jirani yake aliyekuwa naye Burma zilikuwa sawa kabisa. Kilichozifanya ziwe za baba ni utumishi wake. Alikuwa mahali fulani, kwa muda fulani, katika kikosi fulani, na kwa sababu hiyo akastahili. Mwizi akiiba hatimiliki hajaliiba shamba, kwa sababu haki ya mwenye shamba iko kwenye rejista. Hali yenu ni hiyo hiyo. Medali itakayotolewa kwa msingi wa utumishi wake itakuwa yake bila shaka yoyote. Ile inayonunuliwa kabla hamjathibitisha alistahili nini, hiyo ndiyo ya kubahatisha. Ndiyo maana huwaambia watu wote wanaonijia na jambo hili watafute karatasi kwanza, chuma kitafuata.

Kwa maelezo uliyonipa, naweza kukisia zilikuwa zipi. Nyota tatu za mtu aliyepita Abisinia kisha Burma karibu hakika ni 1939–45 Star, Africa Star na Burma Star. Wengi hushangaa kuhusu Africa Star wakidhani ni ya jangwa la Libya peke yake, lakini waliopigana na Mtaliano Abisinia, Eritrea na Somalia waliipata pia. Mbili za duara ni Defence Medal na War Medal. Nayaandika majina haya kwa Kiingereza kwa makusudi, kwa sababu ndivyo mtakavyoyaandika kwenye barua.

Sasa muulize mama: ile iliyopotea shuleni ilikuwa na simba mmoja au wawili? War Medal ina simba mmoja aliyesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Defence Medal ina simba wawili, kila upande mmoja, na taji katikati juu ya kisiki cha mti. Zote mbili zina sura ya Mfalme George VI upande wa pili, kwa hiyo familia nyingi huzichanganya. Kwenu jibu hilo lina uzito, kwa sababu moja ilipotea na nyingine iliibiwa, na hizo ni njia mbili tofauti.

Kuhusu wa kumwandikia: si Kenya. Bataliani za KAR zilizokuwa hapa, yaani ya 3, ya 5 na ya 11, ziligeuka kuwa Kenya Rifles wakati wa uhuru mwaka 1963, na hapo ndipo jeshi letu lilipoanzia. Lakini medali za vita vile zilitolewa kwa jina la mfalme wa Uingereza, na mwenye mamlaka ya kuzitoa tena ni Wizara ya Ulinzi ya Uingereza kupitia ofisi yake ya medali iliyoko Innsworth, karibu na Gloucester. Fomu zake zinapatikana kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza. Kenya itawafaa kwa ushahidi na kwa kuwasaidia kuandika.

Tuje kwenye lile la ndugu yako anayetaka mseme zote tano ziliibiwa. Naelewa nia yake, lakini nakuomba msifanye hivyo. Sheria ya ofisi ile ni kwamba hubadilisha medali iliyoibwa au iliyoharibika, kwa mfano kwa moto au mafuriko, na lazima kuwe na ripoti ya polisi, au malipo ya bima yaliyotaja medali zenyewe kwa majina. Iliyopotea tu haibadilishwi. Kwa hiyo ombi lenu ni la medali nne. Ya tano mtaipata kwa njia nyingine nitakayoieleza, na wala si njia ya aibu. Mkiapa mbele ya polisi kwamba tano ziliibiwa huku mama, mjukuu na nusu ya kijiji wakijua moja ilipotea shuleni, mmeweka kiapo cha uongo kwenye jalada la baba yenu, na hata zile nne za kweli zitaanza kutiliwa shaka.

Kuna kasoro nyingine ya kurekebisha. Ripoti yenu inataja televisheni peke yake. Rudini kituo kile kile mkiwa na namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, ya siku ile, mwombe kuandikisha maelezo ya ziada: kwamba ndani ya sanduku la bati lililoibwa siku hiyo mlikuwamo medali nne za vita za marehemu, mkizitaja moja moja kwa majina na umbo. Msifungue ripoti mpya ya wizi mpya. Mwelezeni afisa wazi kwamba wakati ule mlikuwa mmeshtuka na hamkufikiria medali. Jambo hilo hutokea sana na si kosa. Kisha ombeni ile abstrakti ya polisi iwe na maelezo hayo ya ziada. Mama akiweza kutoa maelezo mwenyewe kama mwenye nyumba, ni bora zaidi.

Nani aombe? Ndugu zako wamekosea. Mwenye medali akiwa amefariki, wa kwanza mwenye haki ni mjane wake, na baada yake ni watoto kuanzia mkubwa. Awe binti au mwana, haibadilishi kitu. Hata hapa nyumbani Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inapozungumzia watoto haisemi wavulana. Kwa kuwa mama yuko hai, ombi litoke kwake, na wewe ukiwa mkubwa umsaidie kujaza na kutuma. Ambatanisheni cheti cha kifo cha baba, nakala ya kitambulisho cha mama, na barua ya chifu inayomtaja kuwa mjane wa marehemu. Kama baba alikuwa na wake zaidi ya mmoja, na hukusema lakini wazee wengi wa kizazi chake walikuwa nao, kaeni pamoja nyumba zote kabla ya barua kutoka. Mkubaliane nani anaomba na medali zitawekwa wapi, muandike, na wote watie sahihi mbele ya chifu. Nimeona maombi mazuri yakikwama kwa sababu nyumba mbili ziliandika barua mbili zinazopingana. Mkishindwa kuelewana, tafuteni wakili mapema kabla maneno hayajawa makali.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo kesi nyingi za KAR hufa: kuthibitisha kwamba mtu huyu ndiye askari yule.

Kumbukumbu za askari Waafrika, tofauti na zile za maofisa Wazungu, nyingi zilibaki Afrika Mashariki, kwa hiyo hamwezi kutegemea kwamba karani wa Gloucester atafungua kabati na kulikuta jalada la baba. Mtampelekea ushahidi ninyi wenyewe. Na ile nusu ya cheti ndiyo mali kubwa kuliko zote mlizo nazo, hata kuliko medali. Tafadhali msiipeleke kwenye plastiki ya moto kule kwa wapiga chapa. Joto lile huua wino na karatasi haitoki tena. Msiibandike kwa gundi wala selotepu, na msipitishe kalamu juu ya namba iliyofifia ili "isomeke". Namba iliyochorwa upya haina thamani tena kama ushahidi. Iwekeni ndani ya karatasi mbili safi, kwenye bahasha kavu, mbali na ukuta wa udongo. Kuisoma, ipelekeni dirishani asubuhi jua likiingia kwa ubavu, mpige picha kwa simu kutoka pembe kadhaa. Mwanga wa pembeni huonyesha alama ya kalamu hata pale wino ulipokwisha. Kama inamong'onyoka mkiigusa, simameni hapo, mwende nayo kwenye Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, mwombe ushauri wa watu waliozoea kushika karatasi za aina hiyo.

Mnachotafuta hasa ni namba ya jeshi. Kama ina herufi mbele, hizo ni sehemu ya namba, msiziache. Baada ya namba, tafuteni bataliani, tarehe ya kuandikishwa na ya kuachishwa, na kama kuna orodha ya medali au nchi alizotumikia. Namba ikikosekana nusu, angalieni karatasi nyingine za baba: barua alizotuma kutoka vitani, kitabu cha mshahara, kadi ya chama cha maveterani, hata nyuma ya picha ambako wengi waliandika namba zao.

Halafu jina. Karani wa kuandikisha aliandika alichosikia, na aliandika pia wilaya, lokesheni na mara nyingine jina la chifu. Kwa hiyo baba anaweza kuwa jeshini kwa jina moja na la babu yenu, lililoandikwa vibaya, huku kitambulisho chake cha baadaye kikiwa na jina la ubatizo mbele. Orodhesheni namna zote za jina lake mnazozijua, mwende kwa kamishna wa viapo mpate hati ya kiapo kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Karatasi hii ndogo huokoa miezi ya kuandikiana.

Kuhusu ile picha, itazameni kifua na bega. Kikosi kikuu cha Afrika Mashariki kilichopigana Burma kilikuwa Divisheni ya 11, iliyopita Ceylon (Sri Lanka) kwanza, ikaingia bonde la Kabaw mwaka 1944 na kufika Kalewa na mto Chindwin mwishoni mwa mwaka huo. Alama yake ya begani ilikuwa kichwa cha kifaru. Mkiona kifaru, mna ushahidi mzito. Juu ya mfuko wa kushoto hesabuni tepe, yaani vile vipande vya utepe vinavyosimama badala ya medali, si tepe za cheo. Hata kwenye picha isiyo na rangi, mistari huonekana: ya 1939–45 Star ina mistari mitatu iliyo sawa, na ya Burma Star ina mstari mpana mwekundu katikati. Wala msivunjike moyo mkikuta tepe mbili au hata moja. Burma Star ilianzishwa Mei 1945, na Defence Medal na War Medal nazo zilianzishwa mwaka huo huo, kwa hiyo picha iliyopigwa Ceylon mwaka 1943 au 1944 haiwezi kuwa nazo hata kama baadaye alizipata zote. Andikeni tarehe ya picha kama mnaijua, vinginevyo mtu asiyejua atasema picha inawapinga.

Mkishajua bataliani, kuna msaada mmoja zaidi. Shajara za vita za vikosi vilivyokuwa Burma zimehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, katika kundi la WO 172. Ni nadra kutaja askari wa kawaida kwa jina, lakini zinaonyesha kikosi kilikuwa wapi siku gani, na hilo likikutana na tarehe zilizo kwenye cheti cha baba, hoja yenu inasimama. Msipoteze muda kumtafuta kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Ile ni ya waliofia vitani, na baba yenu alirudi.

Kabla ya kutuma chochote, nendeni mkaonane ana kwa ana na chama cha maveterani wa Kenya, DEFOCA. Hicho ndicho mshirika wa hapa wa RCEL, shirika la Jumuiya ya Madola la wanajeshi wa zamani lililoanza 1921, na wanazijua karatasi za KAR kuliko wakili yeyote wa mjini. Ofisi ya ulinzi ya Ubalozi wa Uingereza Nairobi nayo inaweza kuwaelekeza. Jambo hili si geni kwao: Novemba 2023, kwenye makaburi ya vita ya Kariokor, Mfalme Charles III aliwakabidhi wazee waliopigana vita vile medali mpya badala ya zile ambazo hawakuwa nazo tena. Wale walikuwa hai na waliweza kusimulia wenyewe. Ninyi mnamsemea marehemu, kwa hiyo karatasi zenu lazima ziseme zaidi.

Niwe mkweli kuhusu matarajio. Mkiwa na namba kamili, ripoti ya polisi iliyorekebishwa na jina lisilo na utata, mna ombi zuri, ila litachukua muda, na mama ana miaka 89. Mkikosa namba, mnaweza kujibiwa kwamba hawawezi kuthibitisha. Jibu hilo halimaanishi baba hakwenda Burma. Linamaanisha karatasi zilizobaki hazikutosha, na mama aelezwe hivyo hivyo asije akalichukua kama tusi.

Hapo ndipo wazo la kununua linapokuwa na nafasi yake, na sitaki kumkatisha tamaa ndugu yako moja kwa moja. Serikali ya Uingereza yenyewe huwaelekeza watu kwa wauzaji wa medali wenye leseni pale ambapo ofisi haiwezi kusaidia, na hiyo ndiyo njia ya ile medali iliyopotea shuleni. Kwa kuwa hizi hazina majina, mnaweza kununua za enzi ile ile, kutoka kiwanda kile kile, bila kumnyang'anya mtu historia yake. Binafsi ningependelea hizo kuliko nakala za kisasa. Mwambieni muuzaji aseme kwa maandishi kama ni ya zamani au ni nakala. Za duara zina upana wa milimita 36 na utepe wake ni milimita 32, kwa hiyo iliyo nyepesi mno au ndogo mno ikatae. Medali yoyote yenye jina la mtu mwingine iacheni, na msikubali kamwe fundi akwangue jina ili iwe tupu. Na mkinunua, wekeni risiti pamoja na kijibarua: hii ilinunuliwa mwaka fulani badala ya ile ya babu iliyopotea. Wajukuu wana haki ya kujua ipi ni ipi.

Yule muuzaji wa mtandaoni aliyepatikana, hata hivyo, ningemwacha. Kama ana nyota tatu zile zile na anaishi karibu na kwenu, huenda anauza sanduku la baba. Msimkabili. Mwulize mama kama baba aliwahi kukwaruza alama yake nyuma ya nyota, maana wapo waliofanya hivyo, kisha mpeleke picha za tangazo kwa yule afisa mwenye OB yenu.

Jambo moja hukuuliza. Medali hazifungui pensheni wala fidia, na anayekupigia simu akidai atakushughulikia "malipo ya KAR" ukimtumia kwanza pesa ya fomu ni tapeli. Lakini RCEL kupitia DEFOCA huwasaidia maveterani wa vita vile na wajane wao walio katika shida, na mama yako ni mjane wa askari wa Burma. Siku mtakayokwenda na ile nusu ya cheti, nendeni pia na kitambulisho chake na cheti cha ndoa au barua ya chifu, muulize kama anastahili. Muulize hilo kabla ya habari ya medali.